Meza ya gari-nyumba inayumba: tafuta kiungo kinachocheza kabla ya kukaza chochote

*"Gari-nyumba letu lina meza ya mguu mmoja unaochomolewa. Mchana tunaitumia kula na kufanyia kazi. Usiku mguu unatolewa, ubao unashushwa katikati ya viti na kuwa sehemu ya kitanda. Ubao una urefu wa sentimita 100 na upana wa 60. Kwa miezi kadhaa sasa meza inayumba kiasi kwamba mmoja akiandika, kikombe cha mwenzake kinamwagika. Nimekaza skrubu zote, lakini mbili za sakafuni zinazunguka tu bila kushika. Mmoja kaniambia niweke skrubu ndefu zaidi, mwingine anasema nigandishe mguu kwa epoksi yaishe. Mimi nahofia sakafu imeoza. Nianzie wapi?"*

Anza kwa kuweka bisibisi chini. Umetaja mambo mawili, nayo hayana budi kutenganishwa: meza inayumba, na skrubu mbili hazishiki. Huenda skrubu ndizo chanzo. Lakini huenda pia mguu ndio uliotangulia kucheza ndani ya soketi (kile kikombe kinachopokea ncha ya mguu, kimoja sakafuni na kingine chini ya ubao), ukawa unazivuta skrubu kila meza inapotikisika, mpaka nazo zikachoka. Ikiwa ni hivyo, ukitengeneza skrubu peke yake utarudi pale pale baada ya safari chache. Hofu yako ya sakafu kuoza si ya bure, ila ipime kwanza. Kipimo chake ni cha dakika chache na nitakieleza.

Kwanza ushauri uliopewa. Skrubu ndefu usiweke. Sakafu za magari haya kwa kawaida hujengwa kwa tabaka: plaiwudi juu, povu gumu la kuzuia joto na baridi katikati, na chini plaiwudi nyembamba au fibaglasi. Skrubu ya soketi hushika kwenye ile plaiwudi ya juu tu. Ikishaipita inaingia kwenye povu, na povu halishiki kitu. Urefu wa ziada haukuongezei nguvu, unakuongezea hatari, kwa sababu chini ya sakafu hupita bomba la gesi, nyaya, mabomba ya maji, na pengine tangi limekaa papo hapo.

Epoksi ndani ya soketi nayo itakunyima kitanda, maana mguu hautachomoka tena. Hata kama kitanda hukihitaji, hukuondoa tatizo, umelihamisha tu: nguvu iliyokuwa ikiupeleka mguu huku na huku sasa inaishia yote kwenye skrubu na plaiwudi, ambazo tayari zimechoka. Na kwa kuwa wengi hufanya hivi bila kuambiwa na mtu, niseme kabisa: usipake grisi kwenye ncha za mguu. Mguu hushikwa kwa msuguano, na grisi huua msuguano.

Sasa tuone kwa nini kitu kidogo kinaleta usumbufu mkubwa hivi. Ukiutazama mguu vizuri utaona kwamba ncha zake si nene sawa na bomba lenyewe. Hupungua taratibu kuelekea mwisho, na soketi nayo imepunguzwa hivyo hivyo kwa ndani. Mguu ukisukumwa chini unajibana kama kabari. Hakuna pini wala komeo, ni kubanana tu kwa pande zote. Tuseme soketi ina kina cha sentimita 6 na mguu una urefu wa sentimita 70. Pakitokea nafasi ya nusu milimita tu mdomoni mwa soketi, juu mguu unaenda na kurudi karibu milimita 6, na ukingo wa ubao ulio sentimita 50 kutoka kwenye mguu unapanda na kushuka milimita 4 hivi. Soketi ya juu ikiwa imelegea vilevile, mpando na mshuko huo unakaribia kuwa maradufu. Nusu milimita ni vumbi lililogandamana, au rangi iliyochubuka upande mmoja.

Hesabu ya skrubu inatisha zaidi. Mtu akiegemea meza kwa uzito wa kilo 10, sentimita 40 kutoka kwenye mguu, na soketi ina sahani (ule ukingo bapa unaofungwa sakafuni kwa skrubu) ya upana wa sentimita 16, sahani inataka kupinduka kwa kuegemea ukingo wake. Skrubu ya upande wa mbali ikibaki peke yake kazini, inavutwa juu kwa zaidi ya kilo 20. Mtu akijiinua kitini kwa kusukuma meza kwa kilo 30, mvuto huo unapita kilo 60, nao unapokelewa na plaiwudi yenye unene wa milimita chache. Kwa hiyo usishangae mbili zimeshindwa. Shangaa nyingine bado zinashika.

Kwa kutafuta kiungo kinachocheza, ng'oa ubao, acha mguu peke yake kwenye soketi ya chini. Mwenzako aushike juu na kuutikisa taratibu, wewe weka kidole chini, nusu kikiwa kwenye mguu na nusu kwenye mdomo wa soketi. Kidole huhisi mwendo ambao jicho halioni. Mguu ukisogea huku soketi imetulia, tatizo ni ule mbano wa kabari. Soketi nzima ikiinuka upande mmoja, ni skrubu. Ingiza kipande cha karatasi chini ya sahani, na kama kinapita wakati mguu umesukumwa upande wa pili, hakuna la kubishana. Sahani na sakafu inayoizunguka vikibonyea pamoja, hiyo ni sakafu yenyewe. Na kama chini kote kumetulia, geuza ubao chali kitandani, chomeka mguu kwenye soketi yake, urudie zoezi lile lile.

Kuna jaribio jingine ambalo watu hulisahau. Miguu mingi ina ncha mbili zinazofanana. Pindua mguu, ncha ya juu iende chini. Mchezo ukihamia juu, iliyoharibika ni ncha ya mguu. Ukibaki chini, ni soketi. Hili linakuepusha kununua kitu kizima na kuacha kibovu.

Ikiwa ni mbano wa kabari, safisha kabla ya yote. Futa ncha za mguu na ndani ya soketi kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Mchanga uliokwama chini ya soketi huzuia mguu kushuka hadi mahali pake, nao mguu usioshuka hadi mwisho haubani, hata ungekuwa mpya. Utoe kwa brashi au kifyonza vumbi. Kutu nyeupe ya aluminiamu iondoe kwa msasa laini wa namba 400, kidogo tu, ukizunguka pande zote sawasawa. Usiung'ang'anie upande mmoja, utautengenezea nafasi mpya. Kisha chomeka mguu ukiwa mkavu, usukume chini kwa uzito wa mwili huku ukiuzungusha robo mzunguko. Ukihitaji kugonga, tumia nyundo ya mpira. Nyundo ya chuma hupanua mdomo wa bomba, na mdomo uliopanuka hauingii tena vizuri popote. Wakati wa kuutoa, uzungushe kwanza kwa mikono miwili ndipo uuvute juu. Kuutingisha kushoto na kulia mpaka ulegee ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuharibu soketi, na kwa kuwa ninyi mnautoa kila usiku, ningeweka dau kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Mguu safi ukiwa bado unacheza, unaweza kuuongezea unene. Tepu ya karatasi ya aluminiamu, ile inayotumiwa kuziba maungio ya mabomba ya hewa, inafaa: zungusha tabaka moja kwenye ncha, kata ili kingo zikutane bila kupandana, lainisha mikunjo kwa ukucha, ujaribu. Ikihitajika, tabaka la pili. Ukifika la tatu na bado unacheza, acha. Ncha au soketi imekwisha. Tepu ya mafundi bomba, ile nyeupe laini, itakutuliza kwa siku chache kisha itasagika. Tepu ya nailoni yenye gundi laini usiiguse kabisa: gundi huhama kwa joto, mguu unanata, halafu bado unayumba.

Soketi ya plastiki iliyopasuka haigundishwi. Mdomo wake husukumwa nje kila meza inapoegemewa, na hakuna gundi ya kawaida itakayovumilia hilo. Inunuliwe nyingine, ikiwezekana ya aluminiamu au chuma. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha bomba katikati, kipenyo cha ncha mwishoni kabisa, urefu wa sehemu inayopungua, na urefu wote wa mguu. Bila kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), zungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba, weka alama unapokutana, pima urefu huo na ugawe kwa 3.14. Miguu inayofanana kwa macho inaweza kupishana milimita 3, na soketi za mtengenezaji mmoja mara nyingi hazikubali mguu wa mwingine, kwa hiyo ningenunua mguu na soketi zake mbili kwa pamoja. Usikate mguu ili kuufupisha ukidhani utaokoa pesa. Ukikata ncha, umeikata kabari yenyewe.

Tuje kwenye skrubu zako mbili, na hapa ndipo sakafu inapopimwa. Toa skrubu zote, inua soketi. Zitazame ncha za skrubu: zikiwa na kutu, maji yameshafika. Chukua bisibisi bapa, isukume kwa kidole gumba kwenye plaiwudi kuzunguka matundu. Plaiwudi nzima inagoma. Iliyooza inameza ncha, ni nyeusi, mara nyingi inanuka unyevu. Kisha kanyaga kwa kisigino umbali wa sentimita 20 hadi 30 kuzunguka pale. Panapobonyea na kurudi kama godoro, tabaka zimeachana hata kama juu panaonekana pakavu. Ukikuta lolote kati ya hayo, usiendelee na hatua zinazofuata. Nenda moja kwa moja kwenye aya ya fundi.

Plaiwudi ikiwa nzima, njia rahisi kuliko zote ni kuzungusha soketi ili matundu yake yaangukie katikati ya yale ya zamani. Yenye matundu sita inazungushwa nyuzi 30, yenye matatu nyuzi 60. Jaza matundu ya zamani kwa epoksi ili yasipitishe maji, ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ndipo utoboe mapya kwa biti ya milimita 3 kwa skrubu za milimita 5. Funga kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha kina cha kuishia, usawa na urefu wa skrubu za zamani, wala usipite hapo. Kaza kwa mkono, si kwa drili. Sahani ikishalala na skrubu kuanza kugoma, robo mzunguko inatosha. Wengi huua tundu katika ule mzunguko mmoja wa mwisho wa kujiridhisha.

Njiti zilizopakwa gundi na kusokomezwa tunduni zinafaa kwenye mlango wa kabati. Kwenye soketi ya meza, yenye mvuto niliouhesabu hapo juu, zitakupa wiki chache. Na angalia kama sahani imefungwa juu ya zulia au tabaka nene la vinaili laini. Kitu laini chini ya sahani hakikazi kamwe: unakaza leo, kinabonyea kesho. Kikate kifuate ukingo wa sahani ili chuma kikutane na mbao.

Matundu yakiwa yamekwisha kila upande, tandaza mzigo. Kata plaiwudi ya milimita 12, sentimita 30 kwa 30, chonga kingo zake ziteremke ili vidole vya miguu visijikwae, kwaruza vinaili kwa msasa au uiondoe kabisa hapo, kisha gundisha kipande hicho sakafuni kwa gundi ya poliyurethani na ukiwekee uzito usiku kucha. Soketi inafungwa juu yake, na sasa skrubu zina unene wa kutosha kung'ata. Meza itapanda milimita 12, jambo ambalo kwa kawaida halisumbui, na kitanda hakiguswi kwa sababu mguu hautumiki usiku. Soketi iliyozama ndani ya sakafu itahitaji tundu lake litobolewe kwenye kipande hicho, na hakikisha bado inafika chini sawasawa.

Bolti za kupenya sakafu nzima ndizo imara kupita zote, lakini zina mtego: ukizikaza, povu la katikati linabonyea na sakafu inaingia ndani. Lazima tundu litobolewe pana, milimita 12 hivi, lijazwe epoksi nzito, likauke, ndipo litobolewe tena milimita 6.5 kwa bolti ya milimita 6, na chini iwekwe sahani ya chuma, si washa ndogo, ile pete bapa ya bolti. Kila tundu linalotokea nje lizibwe kwa poliyurethani ya kuzuia maji. Ni kazi nzuri kwa mtu aliyeona kwa macho yake kilichopo chini ya gari. Kwa asiyeona, hapana.

Juu nako usipasahau. Mbao za meza hizi mara nyingi hutengenezwa nyepesi makusudi: ngozi mbili nyembamba, katikati kadibodi yenye vyumba mithili ya sega la nyuki, na kipande cha mbao imara pale tu soketi inapofungwa. Skrubu zikiachia hapo, usihamishe soketi sentimita chache pembeni kutafuta mahali papya, maana papya ni patupu. Gundisha chini ya ubao plaiwudi ya milimita 9, sentimita 30 kwa 30, kisha ufunge soketi kwenye plaiwudi hiyo kwa skrubu zisizozidi unene wake na sahani kwa pamoja. Kabla ya gundi kukauka, shusha ubao mahali pake pa kitandani uhakikishe kipande hicho hakigongi chochote.

Hata ukifanya yote hayo kwa usahihi, ubao wa sentimita 100 juu ya mguu mmoja utabaki na mwendo kidogo. Bomba lenyewe hupinda kidogo, sakafu hupinda kidogo. Ukitaka meza ya kuandikia kwa utulivu, ipe sehemu ya pili ya kuegemea. Kwa maoni yangu, kama upande mmoja wa ubao unagusa ukuta, hakuna kinachoshinda kipande cha mbao kilichofungwa ukutani chenye urefu sawa na upana wa meza, ubao ukakaa juu yake na kushikwa kwa ndoano au reli ya aluminiamu. Ukuta nao ni mwembamba kama sakafu, kwa hiyo gundisha kwa urefu wote pamoja na skrubu fupi. Usitegemee skrubu mbili. Meza isiyogusa ukuta inaweza kupewa mguu wa kukunja kwenye ncha ya mbali, wenye kitako cha mpira kinachorekebishwa kwa skrubu. Usiurefushe kupita kiasi: ukiinua ubao hata kidogo, unaing'oa kabari upande wa pili. Miguu miwili yenye soketi mbili ni imara sana, ila inakula nafasi ya magoti na inaongeza matundu mawili kwenye sakafu, na mimi si mpenzi wa matundu sakafuni.

Swali ambalo hukuuliza: je, mnasafiri meza ikiwa imesimama? Ikiwa ndiyo, acheni. Ubao wa kilo 8 juu ya mguu wa sentimita 70 hupiga soketi kila gari linapoingia shimo, saa baada ya saa, na hakuna skrubu itakayohimili hilo muda mrefu. Tena gari likifunga breki ghafla au kugonga, ubao ulio mbele ya abiria ni hatari kwa kifua na tumbo lake. Isipokuwa kitabu cha gari kinaruhusu waziwazi, toa mguu, laza ubao, na ufunge vyote viwili visitembee.

Mpelekee fundi wa magari-nyumba ukikuta plaiwudi laini au nyeusi, sakafu inayobonyea kwa kisigino, au maji yanayorudi chini ya sahani baada ya kukausha. Kufunga soketi juu ya mbao iliyooza ni kufunika tu. Maji yanatoka mahali fulani, dirishani, kwenye bomba au kwenye maungio ya mwili wa gari, na hapo panatafutwa kwanza. Mwite pia kabla ya kutoboa kama hujui bomba la gesi linapita wapi. Na kama umeshatoboa ukasikia harufu ya gesi, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, tokeni nje, na gari lisitumike mpaka mfumo wa gesi upimwe na mwenye utaalamu huo. Ukienda kwa fundi, nenda na mguu, soketi zote mbili na vile vipimo vinne, na umwambie ni kiungo kipi kilichosogea chini ya kidole chako.